Samaki Anayependa Maji ya Baridi

Sisi wakazi wa Kigali tunawajua vyema sambaza wa Ziwa Kivu, ambao mbegu yao ililetwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Nchini Kenya yuko mgeni wa zamani zaidi, naye ni trauti. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Uskoti, akawaweka samaki hao katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua.

Kumvua trauti kwahitaji subira. Chambo chake ni nzi wa bandia, aliyefungwa kwa manyoya ya ndege juu ya ndoana ndogo. Samaki huyu huelekeza kichwa kunakotoka maji, akingoja wadudu waletwe na mkondo. Kwa hiyo mvuvi humnyemelea kwa nyuma. Akiona kivuli tu, hutoweka.

Hata hivyo, adui yake mkubwa si mvuvi. Maji yakizidi nyuzijoto 20 hudhoofika, na yakipita 25 huweza kufa. Ubaridi wa vijito hivyo hulindwa na msitu. Miti ikikatwa, jua huyapasha maji, nayo mvua huteremsha tope linalofunika mayai kwenye changarawe.

Tutazame Nyabarongo yetu inavyogeuka nyekundu baada ya mvua: huo ni udongo wa mashamba yetu. Mwenye shamba kando ya kijito na apande mianzi au matete ukingoni, wala asilime hadi majini. Kijito kitatulia, na mama atateka maji safi zaidi, ingawa ya kunywa sharti yachemshwe.