Namba saba alikuwa jikoni!

Leo sina habari za mapenzi wala za mitindo ya nywele. Leo nina kisa kimoja ambacho nimekaa nacho moyoni tangu Agosti 2025, niliporudi nyumbani Bariadi, mkoani Simiyu, kwenye mnuso wa kutimiza miaka kumi tangu tumalize kidato cha nne.

Kabla sijafika mbali, najua ukitaja Bariadi mbele ya masela wa mjini swali la kwanza ni Gamboshi. "Kwenu si ndiko kule kwa wachawi?" Jamani! Gamboshi ni kijiji, kina watu wanaolima na kufuga kama vijiji vingine, na mimi sijawahi kupaa na ungo. Ningekuwa nao nisingelipa nauli ya basi na kukaa siku nzima magoti yamebana. Haya, tuendelee.

WANA SHINYANGA WALIOAMKA SIMIYU

Sisi tuliingia kidato cha kwanza Januari 2012, kwenye shule moja ya kata, zile mlizokuwa mkiziita "yeboyebo". Tulipoingia tulikuwa watoto wa mkoa wa Shinyanga. Machi mwaka huohuo Serikali ikazaa mikoa minne kwa mpigo: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Bila hata kuhama dawati tukajikuta ni watoto wa Simiyu, na Bariadi yetu ya vumbi ikawa makao makuu ya mkoa. Tulitembea kwa maringo wiki nzima, utadhani sisi ndio tuliosaini karatasi.

Ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Usicheke. Kwetu hela ni pamba, na pamba huuzwa mara moja kwa mwaka. Ada inadaiwa Januari, wakati pamba ndiyo kwanza iko shambani inapaliliwa. Hela yenyewe inaonekana kuanzia Mei au Juni. Katikati hapo kuna mchango wa mlinzi, mchango wa madawati, mchango wa maabara... Kila asubuhi tukiwa mstarini majina yalisomwa, na waliosomwa walirudi nyumbani. Wengine walirudi shule baada ya wiki. Wengine walipewa ng'ombe wachunge, ikawa ndiyo kwaheri.

Na kilichotuuma zaidi ni hiki: tulimaliza mtihani Novemba 2015, na Januari 2016 Serikali ikaanza elimu bila ada mpaka kidato cha nne. Sisi ndio wa mwisho kulipa ada miaka yote minne. Tumetoka mlangoni, bure ikaingia dirishani!

NANI MWENZETU?

Basi wazo la kukutana likaletwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Tukachagua Agosti kwa akili: hela ya pamba inakuwa mifukoni, na walio mbali wengi hurudi nyumbani wakati wa Nane Nane kuangalia maonyesho ya Nyakabindi. Mchango 30,000 kwa kichwa. Hapo hakuna aliyebisha sana, ukiacha wale wazee wa "nitatuma kesho".

Ubishi ukaja kwenye majina. Mmoja wetu, siku hizi anaendesha bodaboda pale stendi, akauliza: "Na wale walioishia njiani tunawaita?" Kimya. Halafu mwenyekiti wetu, aliyekuwa kiranja na mpaka leo hajavua cheo, akaandika: "Mnuso huu ni wa waliomaliza. Tukianza kuita kila mtu tutaita na waliokuja siku moja." Watu wakaweka vidole gumba. Na mimi niliweka. Ushahidi upo mpaka leo kwenye simu yangu.

Msomaji, nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo.

Kidato cha kwanza tulikaa kwa kufuata daftari la mahudhurio. Mimi nilikuwa namba nane. Dawati moja na mimi alikaa namba saba. Tulikula naye michembe mfuko mmoja na tulivaa sweta moja kwa zamu. Hesabu alikuwa ananifundisha yeye. Bila yeye hata hiyo daraja la nne yangu nisingeiona.

Mwaka 2014, kidato cha tatu, tumetoka likizo ya Juni, wasichana wote tukapangwa mstari tukapimwa mimba. Yeye akakutwa nayo. Aliyempa ni jamaa mmoja aliyekuja kununua pamba. Msimu ulipoisha na yeye akaisha. Siku ileile namba saba alikusanya madaftari yake mbele yetu. Kuna waliocheka. Mimi sikucheka, ila niliinamia kitabu kana kwamba nasoma, na kilikuwa kimepinduliwa.

Jina lake likachorwa mstari mwekundu. Kuanzia siku hiyo mwalimu akiita namba anasema, "Tano... sita... nane." Na nane ni mimi. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa naitika nikiruka juu ya mwenzangu.

Baadaye dunia ikabadilika, lakini bila yeye. Mwaka 2016 sheria ikarekebishwa, ukimpa mimba mwanafunzi jela miaka 30. Novemba 2021 Serikali ikatangaza kwamba msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule ya kawaida. Yote mazuri. Lakini namba saba wakati huo alikuwa na mtoto wa kwenda darasa la kwanza, na banda la mama lishe karibu na soko. Najua lilipo kwa sababu kila nikienda likizo nilikuwa napita upande wa pili wa barabara.

SIKU YENYEWE

Siku ikafika. Ukumbi mdogo, mapambo ya bluu na nyeupe, spika zinatikisa vikombe. Waliotoka Dar wamevaa miwani ya jua ndani ya nyumba! Mwalimu wetu wa darasa alikuwa mgeni rasmi, mvi tupu siku hizi, shikamoo zinamiminika hadi akachoka kuitikia marahaba.

Ikaja zamu ya kujitambulisha. We bwana wee, hapo ndipo utawajua watu. Muuguzi mmoja. Askari wawili. Karani wa chama cha ushirika cha pamba. Mwalimu wa shule ya msingi aliyejieleza mpaka mshereheshaji akazima kipaza sauti. Mwingine anachimba dhahabu Geita, akasema "niko kwenye sekta ya madini", watu wakapiga vigelegele. Dada yetu aliye Oman katuma ujumbe wa sauti, katuchekesha, na mwisho kalia. Mimi nikasema ni mwandishi. Sikusema wa kujitegemea, anayelipwa kwa makala ikitoka.

Mshereheshaji akatangaza chakula. Wali, sato wa Lamadi, nyama, na matobolwa kwa ajili ya waliopamiss nyumbani. Kamati ilikuwa imempa kazi mama mmoja wa mjini mwenye jina kwa mapishi, na huyo naye akatafuta wasaidizi wake. Akatokea dada mmoja ameshika jagi na beseni, kaanza kunawisha meza kuu. Kafika kwa mwalimu. Mwalimu kaloweka mikono, kamwangalia, kaacha maji yanamwagika tu.

"Wewe," akasema, "wewe si namba saba?"

Yule dada akajibu kwa adabu, kama zamani: "Ndiyo, Mwalimu. Mwangaluka, Mwalimu."

Muziki ulikuwa unapiga lakini naapa ukumbi mzima ulisikia. Kiranja akasimama, akakaa, akasimama tena. Mwishowe akavuta kiti. "Kaa, dada, karibu, kaa na sisi."

"Nina wali jikoni," akasema. "Ukiungua mtanidai." Akaendelea kunawisha, mtu mmoja mmoja, meza kwa meza. Kila aliyenawishwa alikuwa haangalii juu.

Akafika kwangu. Nikasema, "Jamani shosti, kumbe ndiyo wewe, tulikusahau, utusamehe..."

Akacheka kidogo. "Hamkunisahau. Kusahau si kosa. Wewe namba nane ulikuwa unapita ng'ambo ya barabara mbele ya banda langu. Nakuona na mkoba wako. Nikawa nasema, leo atavuka."

Msomaji, nilitamani ardhi ipasuke.

"NIMELIPA"

Baada ya watu kula, akaja. Kavua kitenge cha jikoni, kashika mkono mtoto wa kiume wa miaka kumi, yuko darasa la nne. Kampeleka moja kwa moja kwa mwalimu. "Mwalimu, huyu ndiye aliyenitoa darasani. Naomba umuulize hesabu." Mwalimu akamuuliza saba mara nane. Mtoto akajibu hamsini na sita kabla swali halijamalizika. Ukumbi ukalipuka! Mwalimu akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Halafu akasema kwa sauti ndogo, na nilikuwa karibu nikasikia: "Mstari ule niliuchora mimi. Ndivyo tulivyoagizwa. Lakini kalamu ilikuwa yangu." Akamwambia, "Wabeja sana kwa kuja." Kwa Kisukuma ni asante.

Kiranja naye akajikaza. Akatangaza kwamba kamati imeamua huyu dada awe mgeni wetu wa heshima, bure, bila mchango. Tukapiga makofi. Yeye akanyoosha mkono, akasubiri tunyamaze. Akatoa noti tatu za elfu kumi, ujira wake wa siku mbili tatu, akaziweka mbele ya mweka hazina.

"Mimi si mgeni," akasema. "Mimi ni wa darasa hili. Niandikeni."

Mweka hazina akaandika huku kalamu inamtetemeka. Mtu mmoja akaropoka kwamba sasa tumchangie afanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akamjibu palepale: "Nitafikiri. Nikitaka nitawaambia. Ila msinipangie." Nikampenda upya.

Tukapiga picha. Mwalimu akasema tujipange kwa daftari la kidato cha kwanza, siyo la nne. Akaanza kuita. Ajabu ni kwamba mzee anayakumbuka karibu majina yote. Kidato cha kwanza tulikuwa 52. Waliofanya mtihani wa mwisho ni 31. Kila alipoita jina la aliyeishia njiani palikuwa kimya, halafu mtu anasema, "Anachunga Itilima," au "Aliolewa Meatu," au "Yuko hapahapa Bariadi, ana mkokoteni." Kumbe tulikuwa tunajua! Karibu wote tulikuwa tunajua waliko. Wawili tu ndio waliofariki, na hao tuliwaombea.

"Tano... sita... saba."

"Nipo, Mwalimu."

"Nane."

Sauti yangu haikutoka. Alinifinya kiunoni kama zamani, ndipo nikaitika.

SASA WEWE UNAYEPANGA WA KWENU

Najua wengi mnaosoma hapa mna makundi ya namna hii, na mengine yanatimiza kumi, ishirini. Ushauri wangu ni mdogo, mimi si mtaalamu. Mkiandika majina, anzeni na daftari la siku ya kwanza, siyo cheti cha siku ya mwisho. Mwenzako aliyetolewa kwa ada ya 20,000 hakukosa akili, alikosa hela mwezi wa Januari. Na ukimkuta, usimwambie ulimsahau kama ulikuwa unapita ng'ambo ya barabara. Mwambie ukweli, hata kama ni mchungu kuliko mwarobaini.

Mimi nilivuka. Siku ya pili asubuhi, kabla ya basi, nilikwenda bandani kwake nikakaa kwenye benchi, nikaagiza chai na chapati. Hatukuongea mambo makubwa. Alinidai 1,500, nikampa 2,000, akanirudishia mia tano yangu. "Kwenye biashara hakuna udada," akasema. Tukacheka mpaka wateja wakatushangaa.

Kundi letu sasa lina watu 43. Tunaendelea kutafuta. Kile kidole gumba changu nimekiacha palepale, kila nikikiona kinanikumbusha.

Haya msomaji wangu, nafasi imekwisha na mhariri ananikodolea macho. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Wikiendi njema, na ukipita barabarani, angalia pande zote mbili!