Kabla tingatinga halijaingia mferejini Tana

Katika Delta ya Tana, "kusafisha mfereji" kuna maana moja tu: kufyeka matete yote, kingo zote mbili, hadi udongo mtupu uonekane. Tingatinga linaingia asubuhi, na jioni mfereji uko peupe kama barabara iliyochongwa jana. Mkulima anafurahi kwa sababu maji yatafika shambani. Ofisa wa mradi anapiga picha ya kuambatisha kwenye ripoti. Kazi imefanywa na imelipiwa, na hakuna aliyeuliza mle ndani ya matete mlikuwa na nini.

Mlikuwa na mengi. Mlikuwa na viota vya minana, vyura, kambare wachanga waliojificha kwenye mizizi, mdiria aliyekuwa akiwavizia, na yangeyange waliolala humo usiku. Na kuanzia Novemba hadi Aprili huenda mlikuwa na mgeni mmoja ambaye wengi wetu hatujawahi kumtambua, ingawa ametoka mji ambao jina lake limo katika historia ya kila bandari ya pwani hii: Basra.

Ndege mwenyewe hana umbo la kusimamisha gari la watalii. Ni mdogo, mgongo wa rangi ya udongo mkavu, tumbo jeupe, mdomo mrefu mwembamba. Husikika zaidi kuliko kuonekana. Wanasayansi humwita Acrocephalus griseldis, na jina lake la Kiingereza limetokana na mji huo wa Basra kwa sababu sehemu kubwa ya jamii yake huzaliana katika mabwawa ya matete ya kusini mwa Iraki. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Baada ya kuzaliana hushuka kusini kupitia Bara Arabu na Pembe ya Afrika, na baadhi yao hukaa miezi ya kaskazi kwenye vichaka vizito na matete ya sehemu ya chini ya Mto Tana. Wengine huendelea hadi Tanzania, Malawi na Msumbiji.

Watu wa pwani Basra waliijua kwa tende kabla ya kuijua kwa ramani. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, yakangoja upepo ugeuke, kisha yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko ya Lamu. Majahazi hayo yamekwisha, lakini ndege huyu bado anafuata kalenda ileile. Tunajua kidogo kuhusu safari yake kwa sababu ya kazi inayofanyika Ngulia, huko Tsavo Magharibi. Tangu 1969, katika usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, taa za hoteli huwavuta ndege wahamao, na watafiti huwanasa kwa nyavu, huwavisha pete ndogo mguuni na kuwaachia waendelee. Miongoni mwa wanaonaswa huwamo huyu wa Basra.

Kwao amepata shida kubwa. Katika miaka ya 1990, baada ya maasi ya 1991, serikali ya Saddam Hussein ilichimba mifereji na kujenga kingo za udongo ili kuyakausha mabwawa na kuwafukuza Waarabu wa mabwawani, watu wanaojenga hata nyumba zao kwa matete. Mwaka 2001 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitangaza kwamba karibu asilimia 90 ya mabwawa hayo imetoweka. Mwaka 2003, serikali ilipoanguka, wenyeji walizibomoa kingo kwa mikono yao na maji yakarudi sehemu nyingi. UNESCO iliyaingiza mabwawa hayo katika Urithi wa Dunia mwaka 2016. Tangu hapo ukame na mabwawa ya umeme na umwagiliaji yaliyojengwa juu ya Frati na Hidekeli yameyabana tena.

Kule, basi, mfereji ulikuwa silaha ya kuyaua matete. Kwetu umekuwa mojawapo ya mahali yanapopata kuishi, na sababu yake ni yetu wenyewe. Zamani maziwa na vidimbwi vya delta vilijazwa na mafuriko mawili kwa mwaka, ya masika na ya vuli. Mabwawa ya umeme ya juu ya Mto Tana, hasa Masinga lililokamilika 1981, yalipunguza nguvu ya mafuriko ya kawaida. Mafuriko makubwa bado huja, kama yale ya mwisho wa 2023 na ya Aprili 2024, lakini hayo hubomoa zaidi kuliko kulisha. Baina ya mafuriko hayo makubwa, maji hupatikana pale yanapopelekwa, yaani mferejini, na matete hufuata maji.

Wala si mara ya kwanza kwa mfereji kugeuka makazi huku Tana. Katika karne ya 19 ulichimbwa kwa mikono mfereji wa Belezoni ili kuunganisha Tana na Mto Ozi, vyombo vipite hadi Kipini. Mto ukaupenda. Ukaupanua mwaka baada ya mwaka hadi ukaufanya njia yake kuu, na leo anayesimama Kipini akitazama Tana ikiingia baharini anatazama kazi ya majembe ya watu. Mifereji ya Hola ina historia nyingine, ya uchungu: kwenye mradi huo wa umwagiliaji ndiko wafungwa wa Mau Mau walikolazimishwa kufanya kazi, na Machi 1959 kumi na mmoja wakapigwa hadi kufa. Tunaposema mfereji ni bomba tu la maji tunasahau kwamba katika kaunti hii mfereji haujawahi kuwa bomba tu.

Sasa tuwasikilize wanaotaka matete yafyekwe, kwa sababu hoja zao si za uongo. Matete yakiachwa kabisa huziba mfereji, na mwenye shamba la mwisho hapati maji. Kwelea hulala humo kwa maelfu, na alfajiri huinuka kama moshi kwenda kwenye mpunga. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Mamba hujificha. Mama anayechota maji kwenye mfereji hawezi kuambiwa avumilie matete ya kumzidi kimo kwa ajili ya ndege wa Iraki, na mhifadhi anayemwambia hivyo anastahili kufukuzwa mkutanoni.

Lakini kila hoja kati ya hizo ina mpaka wake. Pale watu wanapochota maji, wanapofulia na wanapovuka, fyeka yote na urudie kufyeka. Hapo afya ya mtu inatangulia. Mfereji mkuu unaobeba maji ya wote unahitaji njia wazi katikati. Haihitajiki kingo zote mbili zibaki uchi kwa urefu wake wote. Ukingo usio na mizizi huporomoka mvua ya kwanza, na tope hilo ndilo linaloziba mfereji msimu unaofuata, kisha bajeti nyingine ya tingatinga inaombwa. Sitasema kuna anayefurahia mzunguko huo. Nasema tu kwamba kila mwaka kuna anayelipwa kwa saa za mashine.

Kuhusu kwelea, dawa inayonyunyiziwa kwenye malalo yao hapa Kenya, fenthioni, haichagui. Inayemuua kwelea itamuua pia mdiria, bundi aliyekuja kula kwelea waliolewa, na mgeni wa Basra aliyekuwa kwenye tete la pembeni. Kama malalo ya kwelea yamejulikana, kuyakata matete ya sehemu hiyo pekee ni bora mara kumi kuliko kuyanyunyizia yote.

Hapo ndipo jambo la tarehe linapokuja, na naona ndilo kubwa kuliko yote. Minana na ndege wengine wa kwetu hutaga mvua zikishika, na viota hujaa katika miezi ya masika na inayofuata. Wageni wa kaskazi huingia Novemba na kuondoka karibu na Aprili. Katikati kuna nafasi: Agosti hadi Oktoba. Wakati huo viota vingi vimekwisha, wageni hawajafika, mto uko chini, ardhi inaweza kubeba mashine, na mvua za vuli ziko mbele, kwa hiyo hata kwa mhandisi ndio wakati wa maana. Kata ukingo mmoja mwaka huu, wa pili mwaka ujao, na uache vichaka vya kuunganisha kati ya sehemu na sehemu. Haiongezi gharama. Inahitaji mtu aandike mwezi kwenye mkataba.

Wafugaji nao wamo. Waorma na Wawardei huja delta ukame ukikaza, na matete machanga yanayochipua baada ya kukatwa ni malisho. Wapokomo wanalima kingo hizohizo, na matete makavu hutumika kwa ua na kuta za vibanda. Mtu anayepanga kukata bila kuwaita wote hawa meza moja anacheza na moto. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii katika mapigano yaliyohusu, pamoja na siasa, ardhi na maji. Mwezi uliofuata, Februari 2013, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba mipango ya ardhi ya delta lazima ifanywe pamoja na wenyeji. Kesi hiyo ilizaliwa na miradi mikubwa ya miaka ya nyuma: miwa kwenye hekta 20,000, na yale mazungumzo ya 2008 ya kuipa Qatar hekta 40,000 ili isaidie kujenga bandari ya Lamu. Mpango wa matumizi ya ardhi ulioandikwa baadaye kwa ushirikiano wa vijiji umeweka sehemu za kilimo, za malisho na za hifadhi. Lakini mpango wa kaunti nzima hauoni ukingo wa mfereji wenye upana wa mita tatu. Huo unaamuliwa na aliyekodi mashine.

Delta pia ni eneo la Ramsar tangu Septemba 2012, hekta 163,600. Wengine hudhani jina hilo linazuia kilimo. Halizuii, linadai matumizi ya busara. Kanuni za maji za 2007 nazo ziliweka ukanda wa kando ya mto usiopungua mita 6 na usiozidi 30. Ni kanuni nzuri kwa mto. Mfereji wenye matete hubaki kwenye kivuli cha kanuni hiyo, kwa kuwa machoni pa afisi ni mali ya mradi, na mali husafishwa.

Kinachokosekana zaidi ni hesabu. Ndege asiyeandikwa hayupo. Mwekezaji akija na tathmini ya mazingira, timu yake hulala Malindi, huzunguka siku mbili Julai, na huandika kwamba eneo halina ndege wahamao. Ni kweli kabisa, Julai. Jibu la karatasi ya namna hiyo ni daftari la kijana wa Ngao au Ozi aliyeandika kila Jumamosi kwa miaka mitatu. Ramani ya Ndege ya Kenya, iliyoanza 2013, hupokea orodha za mtu yeyote anayewajua ndege wake. Nchi imegawanywa katika viwanja vya kilomita 9 kwa 9 hivi, na anayeingiza orodha kwa simu ana uzito sawa na profesa. Vijana wa Arabuko-Sokoke na Mida, karibu na Watamu, wamekwisha kuonyesha kwamba kuwajua ndege ni kazi inayolisha nyumba. Delta ina ndege wengi kuliko Mida na waandishi wachache.

Nafahamu darubini ni ghali, na kwamba kumfuatilia ndege wa rangi ya udongo ndani ya matete hakuna fahari. Lakini sauti inatosha kuanzia. Kuna wavuvi wanaojua kwa mlio tu ni ndege gani ameinuka na kwa nini. Ujuzi huo haujawahi kuingia katika tathmini yoyote kwa sababu hakuna aliyeuandika pamoja na tarehe na mahali.

Bunge la kaunti hupokea mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya kila moja wananchi huitwa watoe maoni, mara nyingi kwa tangazo la siku chache na viti vya plastiki chini ya mwembe. Ndani ya karatasi hizo huwamo mstari wa ukarabati wa mifereji, wenye kiasi cha fedha na jina la wadi. Wakisomewa mstari huo, watu wa Garsen, Chara na Kipini wana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kupiga makofi: mita ngapi, ukingo upi, na mwezi gani.