Ini ni amana: tupime, tuchanje, tusituhumiane

Sifa zote njema anazistahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika Surat Dhaariyat, aya ya 21, Mola wetu anatuzindua tuzitazame nafsi zetu. Leo tulitazame ini. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa iwapo kuna malipo katika kuwahurumia wanyama, alifahamisha kuwa yapo kwa kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai. Uhai ukatajwa kwa ini.

Na ndivyo ulivyo. Sukari itokayo katika chakula huwekwa akiba humo. Mfungaji anapokaa bila kula tangu alfajiri hadi magharibi, ini huitoa akiba hiyo kidogo kidogo ili ubongo usikose nguvu. Ini hutengeneza nyongo, husaidia damu kuganda penye jeraha, na huondoa sumu. Figo zikishindwa, mashine husafisha damu hata kwa miaka. Ini likishindwa, hakuna mashine ya kushika nafasi yake hivyo.

Pombe, adui wake mkubwa, tumekwisha kuharimishiwa. Wa pili ni sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafariki. Mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe wala yasiuzwe, Mtume (S.A.W.) alimkemea mfanyabiashara aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya ile kavu.

Wa tatu ni virusi vya homa ya ini aina ya B, na hapa ndipo nyumba zetu zinapobomoka. Mtu akikutwa navyo hutuhumiwa zinaa. Posa huvunjwa, mke hurudishwa kwao. Virusi hivi hupita kwa damu na kwa tendo la ndoa, lakini pia hutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kati ya watoto wachanga 10 walioambukizwa, takriban 9 hubaki navyo, pengine miaka mingi bila dalili. Chanjo iliingia katika ratiba ya watoto nchini mwaka 2002. Wengi waliozaliwa kabla yake hawakuipata. Basi mtu aweza kuwa navyo tangu alipozaliwa, naye hakuzini. Surat Hujuraat, aya ya 12, imetukataza dhana. Nani atajibu mbele ya Allah kwa ndoa iliyovunjwa kwa dhana?

Wakazi wa Sekei tuko jirani na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Udhuru wetu ni mdogo. Wachumba wapime kabla ya nikahi, si kwa kutafutiana aibu; asiye na virusi wala kinga achanjwe, na ndoa iendelee. Mwenye navyo amwone tabibu, kwani dawa za kuvidhibiti zipo. Mjamzito apimwe ili mtoto akingwe mapema. Wembe wa kinyozi na wa ngariba usitumike kwa watu wawili. Kula sahani moja na kupeana mikono hakuambukizi; tusimtenge mgonjwa. Na macho yakigeuka manjano, kombe na dua visituzuie kwenda hospitali, kwani Mtume (S.A.W.) mwenyewe alituamrisha kujitibu.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu na azisitiri nyumba zetu. Amin.