Kando ya mto wa petroli: wito kwa ndugu wa Al-Hamra

Ndugu zangu wazungumzao Kiswahili, mlioko Al-Hamra ya Jeddah na mlioko Al-Hamra ya Riyadh,

Jina la mtaa wetu ni moja, miji ni miwili, na baina yake kuna mwendo wa kilomita zipatazo 950. Wa Jeddah wanapigwa na upepo wa Bahari ya Shamu, na usiku wakitoka kutembea Corniche wanaiona chemchemi ya Mfalme Fahd ikirusha maji juu angani. Wa Riyadh wako bara, vumbi na barabara kuu pande zote. Lakini alfajiri zetu ni zile zile. Jua halijakolea, mtu amekwisha washa kigari chake, Yaris, Accent au Sunny, ameingia njiani. Wa Jeddah anaelekea Thuwal, Rabigh au Makka. Wa Riyadh anateremka Al-Kharj. Kilomita 80 kwenda, na wengine zaidi; kurudi vivyo hivyo; siku tano kwa wiki.

Nawaandikia kwa ajili ya safari hiyo. Naomba tuibadilishe, sote pamoja, kuanzia mwezi ujao.

Wengi wetu tulifunzwa chuoni tungali wadogo kwamba mtu hamwagi maji ya udhu ovyo, hata akiwa anatawadha kando ya mto. Mwalimu hakuwa akiogopa mto kukauka. Alikuwa akitulea sisi. Leo tunaishi kando ya mto wa namna nyingine. Mnamo Machi 1938 kisima namba 7 cha Dammam kilitoa mafuta kwa wingi, na tangu hapo nchi hii imekuwa ghala la mafuta la dunia. Lita ya petroli ya oktani 91 hapa imewekewa kikomo cha riyali 2.18, ambazo ni kama shilingi 75 za Kenya. Nairobi, mwishoni mwa 2025, lita ilikuwa imepita shilingi 180. Basi mtu aliyekuwa kwao akihesabu kila lita, akifika huku huiacha adabu hiyo uwanja wa ndege. Anakanyaga mafuta kama aliyefunguliwa kamba.

Mto huu nao una bei, na bei imekwisha kutufundisha. Walioko hapa tangu zamani wanakumbuka kuwa mpaka mwisho wa 2015 lita ya 91 ilikuwa riyali 0.45. Mwaka 2016 ikawa 0.75. Mwaka 2018 ikawa 1.37. Kufikia katikati ya 2021 ilikuwa 2.18, ndipo serikali ikaweka kikomo na kuubeba yenyewe mzigo wa ziada. Karibu mara tano, katika miaka isiyotimia sita. Nani kati yetu mshahara wake ulipanda mara tano?

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Buyu letu linachovywa kila asubuhi, na kidole kinachochovya ni mguu wetu wa kulia.

Gari likiwa barabara kuu halipigani sana na barabara. Linapigana na hewa. Na hewa ina hesabu yake: mwendo ukiongezeka, ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 100 kwa saa kwenda 120, ukinzani unaongezeka kwa asilimia 44. Kutoka 100 kwenda 140, unakaribia kuwa maradufu. Injini ya kigari kidogo haina miujiza. Nguvu hiyo yote inatoka kwenye tangi. Zipo barabara kuu za nchi hii ambazo tangu 2018 zimeruhusiwa mwendo wa 140. Ruhusa si amri. Kibao kinaonyesha mwisho wa mwendo, hakimwambii mtu lazima aufikie.

Nayajua mtakayosema: tutachelewa. Hebu tuhesabu pamoja. Kilomita 80 kwa mwendo wa 120 ni dakika 40. Kwa mwendo wa 100 ni dakika 48. Dakika nane, na hiyo ni endapo njia ni nyeupe, hakuna foleni ya kuingia mjini, hakuna kamera ya Saher ya kutupunguzisha mwendo. Dakika nane ni kikombe kimoja cha chai. Aondokaye nyumbani dakika kumi kabla ya kawaida yake amezilipa zote, na bado ana mbili mkononi.

Sasa tuhesabu fedha. Tuchukue mfano wa gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita likiendeshwa kwa pupa, na kilomita 17 kwa lita likiendeshwa kwa utulivu. Kilomita 160 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, ni kilomita 3,520. Kwa pupa ni lita 251, yaani riyali 548 kwa bei ya 91. Kwa utulivu ni lita 207, yaani riyali 451. Tofauti ni riyali 97 kila mwezi, zaidi ya shilingi 3,000 za Kenya. Kwa mwaka zinapita riyali 1,100. Kila mtu aweke tarakimu za gari lake mwenyewe, aone kinachobaki. Kwa wengi wetu ni ada ya mtoto, ni mabati ya nyumba inayongoja Kilifi au Pemba, ni dawa ya mzazi.

Ndugu yangu unayeendesha gari la mwajiri, usiseme hesabu hii haikuhusu kwa kuwa petroli si yako. Gari umepewa kwa amana. Kuchunga mafuta ya mwenzio kuna heshima kubwa kuliko kuchunga yako.

Mwendo ndio mzizi, lakini una matawi, nami nitataja yale yenye faida ya kweli.

La kwanza ni kukanyaga na kufunga breki. Anayekimbilia gari la mbele kisha akafunga breki, kisha akakimbilia tena, ananunua mwendo kwa petroli na kuutupa kwenye breki. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa uendeshaji wa namna hiyo katika barabara kuu unaweza kupoteza asilimia 15 hadi 30 ya mafuta. Acha nafasi mbele yako. Ukiona taa za breki mbali, inua mguu mapema, gari liende lenyewe likiwa kwenye gia. Injini za kisasa hukata mafuta wakati huo. Usitie gia huru mteremkoni. Ni hatari, na haiokoi kitu. Wala usijibanze nyuma ya lori ili likukingie upepo. Hakuna lita inayolingana na roho.

La pili ni tairi. Tairi lenye upepo mdogo hula mafuta kila mzunguko, na kwenye lami ya moto linaweza kupasuka. Upimwe asubuhi, tairi likiwa limepoa, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Wengi wetu tunapima mchana kwenye duka la pancha, ambalo wenyeji huliita banshar, baada ya kutembea katika joto la digrii 45. Upepo unasoma juu kwa sababu ya joto, fundi anautoa, na alfajiri inayofuata tairi liko chini ya kiwango.

La tatu ni pampu. Katika vituo vya hapa 91 ni ya kijani na 95 ni nyekundu, kwa riyali 2.33. Soma kitabu cha gari lako. Likiwa limeandikiwa 91, petroli ya 95 haitaliongezea nguvu wala haitapunguza ulaji wake; unalipa halala 15 zaidi kwa kila lita bila faida. Mtaa wetu jina lake maana yake ni nyekundu, lakini vigari vyetu vingi haki yao ni ya kijani.

La nne ni kiyoyozi. Siwezi kumwambia mtu akizime mwezi wa Agosti, na mwenye mtoto ndani ya gari asidhubutu. Lakini tufunike kioo cha mbele tukiegesha, tutafute kivuli, na tukiondoka tufungue vioo kwa dakika moja hewa ya moto itoke, kisha tufunge na kuwasha. Tukiwa barabara kuu vioo vibaki vimefungwa, kwa sababu vikiwa wazi hewa huingia na kulivuta gari nyuma. Na tuache desturi ya kuliacha gari likinguruma nje ya duka huku tukipiga soga ndani. Saa moja ya kunguruma na kiyoyozi inaweza kula lita nzima na zaidi, wala hatukusogea hatua.

Zaidi ya hayo, tuondoe keria tupu juu ya gari, na tutoe kwenye buti mizigo tuliyoisahau tangu Idi. Filta ya hewa tuibadilishe baada ya msimu wa vumbi kwa afya ya injini, tukijua kwamba katika magari ya sasa filta chafu haili petroli sana kama watu wanavyodhani.

Haya yote mtu anaweza kuyafanya peke yake. Kwa nini basi naita umma? Kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa. Anayekwenda 100 peke yake humulikwa taa nyuma, huchekwa na wenzake kazini, na baada ya wiki mbili hurudi kwenye 140. Tukiwa ishirini, tukiwa hamsini, anayekwenda 100 ndiye mwenye desturi na anayekimbia ndiye mgeni. Tena kuna jambo ambalo mmoja hawezi kulifanya kabisa, nalo ni kwenda pamoja. Asubuhi yanatoka Al-Hamra magari manne ya watu wanne kwenda kazi moja kwa njia moja. Gari moja lingewatosha, na petroli ya matatu ingebaki mfukoni. Nasisitiza, sisemi tubebe abiria kwa nauli. Hilo bila kibali ni kosa hapa, na lina adhabu kali. Nasema wenza wa kazi wapokezane: wiki hii gari lako, wiki ijayo langu, na fedha zisipite mkononi.

Basi naomba tukubaliane hivi, kwa mwezi mmoja.

Kwanza, barabara kuu iwe kilomita 100 kwa saa, katika njia ya kulia. Sisi tuliozoea kushika kushoto kwetu tujikumbushe kwamba hapa wa polepole hukaa kulia, na njia ya kushoto tuwaachie wenye haraka yao.

Pili, kila jengo lenye familia zetu tatu au nne linunue kipima upepo kimoja na pampu ndogo. Ijumaa asubuhi, kabla ya joto, vijana wapitie magari yote, na ya kina dada pia, maana tangu Juni 2018 nao wako barabarani na wengi wao wanatushinda kwa utulivu.

Tatu, kila gari liwe na daftari. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita. Ukirudi kujaza, fanya vivyo hivyo, kisha gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Bila daftari tutabaki na hisia, na hisia hudanganya.

Nne, tupange safari za pamoja. Na wa Riyadh ambao kazi zao ziko ndani ya mji waliache gari kabisa siku wanazoweza. Metro iliyofunguliwa Desemba 2024 ina kituo chenye jina la mtaa wetu, Al-Hamra, na tiketi ya saa mbili ni riyali nne. Wa Jeddah wanaokwenda Makka wana treni ya Haramain tangu 2018.

Mwisho wa mwezi tukutane kwenye kahawa zetu za Ijumaa, Jeddah kwao na Riyadh kwao, kila mmoja na daftari lake. Tujumlishe. Na hapa ndipo penye ombi langu kubwa: nusu ya kitakachookolewa mtu aipeleke nyumbani kwake, na nusu aiweke kwenye chama chetu cha kusaidiana.

Tunajua sote chama chetu hukusanya fedha zaidi lini. Hukusanya simu zinapoanza kulia usiku, ndugu ameanguka, na jamaa zake wa Tanga au Kampala wanauliza itakuwaje. Hapo kila mtu hutoa, hata asiye na kitu hukopa ili atoe. Nimetoa mara nyingi, nanyi mmetoa. Baadhi ya michango hiyo ilikuwa ya watu walioondoka asubuhi kwa gari wakiwa wazima. Mwendo unaokula petroli ndio huo huo unaokula watu. Kwa mwezi huo tuchange mapema, kwa riyali ambazo hatukuzichoma, wakati wote bado tumo hesabuni.

Mwalimu wetu wa chuoni hakutukataza mto. Alitaka tuteke kwa kipimo, na tumwachie wa nyuma yetu maji safi. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, alfajiri, nitatoka Al-Hamra kwa kilomita 100, njia ya kulia, na kiti cha pembeni yangu kitakuwa na mtu. Naomba nikitazama kwenye kioo niwaone nyuma yangu.