Kreacher Hakukua, Alitulizwa

Nampenda Harry Potter, na niliseme hilo mapema ili tusisumbuane. Vitabu vyote 7, kuanzia kile cha 1997 hadi cha 2007, nimevisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, vingine mara nne. Kwa hivyo anayetaka kunijibu asianze na ile ya "hukuvisoma vizuri". Ugomvi wangu ni na sisi mashabiki, na wimbo wetu usioisha: ukuaji wa wahusika.

Neville alikua, sikatai. Mtoto aliyekuwa akipoteza chura wake kila mara ndiye anayekuja kumkata kichwa nyoka wa Voldemort. Safi kabisa. Lakini mnaponiambia ati Kreacher naye alikua, hapo tunaachana.

Kreacher, kwa wasiomjua, ni kijini mtumishi. Harry alimrithi pamoja na nyumba, vile mtu hurithi kabati. Mwanzoni ana kinyongo, anatukana chini kwa chini, hata anasaliti. Kwenye kitabu cha 7 Harry anamsikiliza, anampa kidani cha kumkumbuka bwana wake wa zamani, na ghafla jikoni kunang'aa, supu iko tayari, heshima tele. Mashabiki machozi yanawatoka: ona alivyobadilika! Jamani. Mtumwa mkali amegeuka mtumwa mpole, nasi tunaita huko kukua. Vita vinaisha, Voldemort amekufa, na Harry wetu, aliyekomaa kurasa kwa kurasa, anawaza kama Kreacher anaweza kumletea sandwichi. Imeandikwa pale pale, si mimi nimeitunga.

Na Dobby, aliye huru? Anaahidiwa galeoni 10 kwa wiki na mapumziko ya wikendi. Yeye mwenyewe anashusha hadi galeoni 1, na siku moja ya kupumzika kwa mwezi. Tunatakiwa kucheka.

Mimi nakaa Kapsoit, kwenye barabara ya Kericho kwenda Kisumu, na huku utani huo hauchekeshi sana. Mama anachuma chai akilipwa kwa kilo. Halafu ikaja mashine inayofanya kazi ya watu wengi. Mei 2023 mashine hizo zilichomwa moto hapa Kericho. Ushauri wanaopewa vijana wa mashambani haujabadilika tangu wakati huo: jikuze, badilika, tafuta ujuzi. Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na sijakutana na mjomba hata mmoja aliyeniuliza karo ilikuwa pesa ngapi. Wote wanauliza nitakomaa lini. Ndiyo maana neno "ukuaji" linanikera hata ninapolikuta kwenye mazungumzo ya vitabu vya wachawi. Mzigo anatwikwa mhusika, nyumba inabaki ilivyokuwa.

Shuleni tulikaririshwa kwamba mhusika duara ni bora na bapa ni dhaifu. Mgawanyo huo aliuleta Mwingereza E. M. Forster mwaka 1927, na wala hakusema wahusika bapa watupwe. Kwa kipimo chetu cha darasani, Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) inafeli mapema. Nchi yenyewe iko angani, ajabu kuliko Hogwarts, lakini watu wake ni majina yanayotembea. Majivuno ni majivuno. Karama anaanza na ujasiri, anamaliza na ujasiri uleule. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini wanatumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini, wanarudi na habari za manufaa, na kila mmoja anatupwa gerezani. Mara sita! Hakuna anayetoka humo amefunzwa unyenyekevu. Kinachobadilika mwishoni ni baraza la mfalme: Karama anashinda kesi, wafungwa wanafunguliwa. Aliyekua ni nani hapo, kama si nchi?

Najua jibu lenu. Mtasema aliyefungua mlango ni mfalme yuleyule, na kumshawishi mfalme kwa hotuba ni rahisi kwenye karatasi. Sawa, hiyo nawapa. Ila Shaaban Robert angalau aliona kwamba lango la gereza ni sehemu ya hadithi. Rowling pia aliliona, hilo ndilo linaniuma zaidi. Kwenye kitabu cha 4 Hermione anaanzisha chama cha kutetea vijini, anatengeneza beji, anazunguka akiziuza, na karibu kila mtu anamwona msumbufu. Hagrid, mtu mwema kabisa, anamwambia kutumikia ndiyo tabia yao vijini. Msichana wa miaka 15 aliuliza swali la maana kuliko yote katika vitabu 7, nasi mashabiki tumelihesabu kama kituko chake cha utotoni, kitu ambacho ilibidi akue akiache.

Mimi leo ningenunua, tena kwa pesa ya unga, kitabu ambacho Kreacher anakataa kupika hiyo sandwichi. Hata kama ndani yake Harry hakui hata inchi moja.