Aliyepigwa Miaka Kumi Asihukumiwe kwa Usiku Mmoja

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliyekataza wanawake wasipigwe. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, hapa Tukuyu na vijiji vya Rungwe, ambako nyumba na nyumba zimetenganishwa na migomba tu, kilio cha mke anayepigwa usiku hutufikia. Tunageukia ukutani tukisema ni mambo ya ndani, ingawa Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kipigo hicho. Ikitokea siku mwanamke huyo akashika panga na mume akafa, ndipo sote tunaikumbuka sheria.

Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kifo, na jaji hana nyingine ya kuchagua. Ipo hoja ya kughadhibishwa, inayoshusha kosa hilo kuwa kuua bila kukusudia, lakini hiyo hutaka hasira ya papo hapo. Mke aliyevumilia miaka kumi, akapiga saa chache baada ya kipigo cha mwisho, hubaki nje ya mlango huo. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri dhidi ya Tanzania kuwa adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi.

Je, huku ni kurahisisha damu? Hasha! Damu ya mume ni nzito, na warithi wake wana haki. Lakini Sayyidna Umar (RA) alipoletewa watumwa walioiba ngamia wakamchinja, alikwisha kuamuru wakatwe mikono. Alipotambua kuwa bwana wao huwaacha na njaa, akaizuia adhabu na kumtoza bwana huyo thamani ya ngamia mara mbili.

Basi Bunge na limpe jaji nafasi ya kupima yaliyotangulia. Nasi tumsindikize anayepigwa hadi dawati la jinsia polisi, apate fomu ya PF3, kisha tusimame mashahidi. Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 283, inatukataza kuficha ushahidi. Jaji atapimaje kipigo ambacho majirani wote walikinyamazia?

Wabillahi tawfiq.