Fumbo Lililofumbuliwa: Wimbo wa Bobbie Gentry na Filamu Yake

Tunaoishi na kufundisha karibu na mpaka wa Tunduma huwasikia wafasiri wa filamu katika mabanda ya video wakijaza kila kimya kwa maelezo yao ya Kiswahili. Ustadi wao hatuubezi. Lakini je, kila kisichosemwa ni upungufu wa matini? Mfano mmoja wa kigeni unatufaa hapa.

“Ode to Billie Joe”, wimbo wa kantri aliouimba Bobbie Gentry mwaka 1967, unahusu kijana aliyejirusha kutoka daraja la Tallahatchie, Mississippi. Familia moja inazungumzia kifo hicho ikiwa mezani, na vyakula vinaendelea kupitishwa. Binti anayesimulia hasemi lolote juu ya hisia zake. Mama ndiye anayetambua kwamba hali. Tunadokezewa kuwa msichana anayefanana naye alionekana na marehemu wakitupa kitu kutoka darajani. Kitu gani? Hatuambiwi.

Filamu ya mwaka 1976, iliyoongozwa na Max Baer Jr. kwa muswada wa Herman Raucher, inajibu yote: kilichotupwa ni mwanasesere, na kijana alijiua kwa fadhaa baada ya kulala na mwanamume. Gentry mwenyewe, alipoulizwa na Raucher sababu ya kifo hicho, alijibu kwamba haijui.

Kwa maoni yetu, filamu iliusoma wimbo kama kitendawili kinachongoja mteguaji. Uzito wa wimbo uko kwa wale wanaokula, si mtoni. Kwa majirani zetu Wanyakyusa, mashariki ya Songwe, mke kwa desturi huepuka kulitamka jina la baba mkwe, hata maneno yanayokaribiana nalo kwa sauti. Hajapungukiwa msamiati. Anayemsaidia kwa kulitaja jina hilo amelivunja tamko lenyewe, maana kimya chake ndicho kilichokuwa kikisema.

Haki itendeke, hata hivyo: mwisho wa filamu una busara kuliko katikati yake. Msichana anakutana darajani na mwanamume yule, aliye tayari kuungama, naye anamzuia. Kijiji kinaachiwa fumbo lake. Sisi watazamaji tu ndio tuliokwisha kuambiwa.

Mitaala yetu ya tafsiri huhimiza uwazi, na ni sawa kwa nyaraka za forodha. Mwanafunzi aliyelelewa kwa kanuni hiyo pekee, akipewa wimbo huu, atamtaja mwanasesere kabla sahani ya kwanza haijapita.